Mchawi wa Manchester United alikuwa kalenda

Jumatano ya tarehe 21 Mei 2025, saa nne usiku, kibanda chetu cha kutazamia mpira hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, kilijaa mpaka watu wakakalia makreti ya soda. Mwenye kibanda alikuwa amepandisha kiingilio kutoka shilingi 1,000 hadi 2,000, na hakuna aliyebisha. Madereva waliokuwa kwenye foleni ya kuvuka waliwaachia utingo malori wakaja na sweta zao. Hajji, ambaye ni Arsenal tangu sijazaliwa, alifika mapema akachukua kiti cha mbele. Nilipomuuliza imekuwaje leo, akanijibu, "Mwanangu, msibani mtu haalikwi."

Fainali ya Europa League, Bilbao, Manchester United, timu yangu, na Tottenham, yaani Spurs. Timu mbili zilizokuwa nafasi ya 16 na 17 kwenye ligi yao, na atakayeshinda anakwenda Ligi ya Mabingwa. Dakika ya 42 Pape Sarr akapiga krosi kutoka kushoto. Brennan Johnson na Luke Shaw wakaifuata pamoja, mpira ukamgonga huyu na huyu, ukajikokota hadi wavuni. Lilikuwa bao la aina ya yale ya uwanja wa shule ya msingi, ambako kipa huwa anafukuza mbuzi wakati mpira unaingia. Kipindi cha pili kipa wa Spurs alikosea kuudaka mpira, Rasmus Højlund akaupiga kichwa kuelekea goli tupu, na kibanda kizima tulikuwa tumeshasimama. Micky van de Ven akaruka kinyumenyume akauondoa mstarini. Ile kelele tuliyokuwa tumeianza iliishia kooni.

Moja bila. Mara ya nne msimu huo Spurs kutufunga, katika mashindano matatu tofauti.

Kabla hata kombe halijanyanyuliwa, watu walishaanza kutafuta mchawi. Mmoja akasema ni familia ya Glazer, wamiliki wa klabu. Mwingine akasema ni kipa Onana, mwingine Højlund, mwingine Rashford ambaye wakati huo hata hakuwa na sisi. Dereva mmoja wa kutoka Eldoret alisimama akatuchorea hewani kwa vidole mfumo wa mabeki watatu, akasema mchawi ndiye huyo. Mimi nilinyamaza. Siku zile zote nilikuwa na mawazo mengine, na ndiyo ninayoyaandika hapa.

Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Lori likikwama mpakani, dereva anamlaumu ofisa, ofisa anamlaumu wakala, wakala anamlaumu mwenye mzigo, na wote wana sauti. Nilipoanza kazi hii, mzee aliyenifundisha aliniambia niache kusikiliza sauti, nifungue faili nisome tarehe. Hati hii ilitolewa lini? Malipo yalifanyika kabla au baada ya gari kuondoka? Mara nyingi kila mtu kwenye faili amefanya jambo lake vizuri tu, ila amelifanya siku isiyo yake. Basi na mimi nimeufungua msimu wa 2024/25 wa United kama faili la mzigo uliokwama.

Tarehe ya kwanza ni 25 Mei 2024. United wanawafunga Manchester City 2-1 Wembley, mabao ya Garnacho na Mainoo, wanachukua Kombe la FA. Kwenye ligi walikuwa wamemaliza nafasi ya 8. Sir Jim Ratcliffe, aliyenunua zaidi ya robo ya klabu mwezi Februari mwaka huo na kukabidhiwa mambo ya mpira, alikuwa ameshaanza kumtilia shaka kocha Erik ten Hag. Klabu ilizungumza na makocha wengine. Kisha kombe likawachanganya. Badala ya kumwondoa, Julai wakamwongezea mkataba hadi 2026.

Hapo ndipo mzigo ulipopakiwa kwa hati za mtu ambaye hata mwenye gari hakumwamini. Dirisha la usajili likafunguliwa, zikatumika takriban paundi milioni 200. Akaja Joshua Zirkzee kutoka Bologna, Leny Yoro kutoka Lille, Manuel Ugarte kutoka Paris. Wakaja Matthijs de Ligt na Noussair Mazraoui kutoka Bayern, wote wawili watu wa Ten Hag tangu Ajax. Ni kikosi cha mabeki wanne nyuma, mawinga wawili pembeni na mshambuliaji mmoja katikati. Mawinga tulikuwa nao wa kugawa: Rashford, Garnacho, Amad, na Antony ambaye alinunuliwa kwa zaidi ya paundi milioni 80 mwaka 2022.

Tarehe ya pili ni 28 Oktoba 2024. Mechi tisa za ligi, pointi 11, nafasi ya 14, na Ten Hag anatimuliwa siku moja baada ya kufungwa na West Ham. Yaani alipewa mkataba mpya, akanunuliwa wachezaji, akapewa wiki kumi. Hesabu za klabu zilizotoka baadaye zilionyesha kwamba kumwondoa yeye na wasaidizi wake kuligharimu paundi milioni 10.4. Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo waliyemsubiri kwa miezi mingi, naye aliondoka Desemba baada ya miezi mitano, na kuondoka kwake kukala milioni nyingine 4.1. Klabu hiyohiyo ilikuwa inapunguza wafanyakazi 250 na kufuta chakula cha mchana cha bure cha waliobaki. Hilo la chakula liliniuma kuliko mechi kadhaa, sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu najua ofisi zinazoanza kubana matumizi kwenye chai.

Tarehe ya tatu ndiyo yenyewe. Novemba 2024 wanamleta Ruben Amorim kutoka Sporting ya Lisbon. Kijana mwenye akili, bingwa wa Ureno mara mbili, na mtu wa mfumo mmoja: mabeki watatu, wawili wa pembeni wanaopanda na kushuka mstari mzima, viungo wawili, namba kumi wawili wanaocheza nyuma ya mshambuliaji, mshambuliaji mmoja. Amorim mwenyewe alieleza waziwazi kwamba aliomba aje mwisho wa msimu, akaambiwa ni sasa au basi. Naomba msomaji asiipite sentensi hiyo haraka. Mtu aliyekuwa anaijua kazi yake alisema siku hiyo si siku yake, na waliokuwa wanamwajiri wakakataa.

Mechi yake ya kwanza ilikuwa Ipswich, 24 Novemba, sare ya 1-1. Kutoka siku hiyo hadi 30 Desemba United walicheza mechi 11 ndani ya siku 37. Piga hesabu. Ukiondoa siku za safari, siku za kupumzika baada ya mechi na siku ya kujiandaa kabla ya mechi, siku za kufundisha mfumo mpya hazifiki kiganja. Kocha alikuwa anafundisha kuogelea watu walioko katikati ya mto. Katika Desemba hiyo walipoteza mechi sita: Arsenal, Nottingham Forest, Spurs kwenye Kombe la Ligi, Bournemouth, Wolves, Newcastle. Bournemouth walikuja Old Trafford wakashinda 3-0, na Desemba ya mwaka uliotangulia walikuwa wameshinda 3-0 uwanja huohuo. Wolves walitufunga bao la kona ya moja kwa moja, Matheus Cunha akaupinda mpira mpaka ndani bila mtu kuugusa.

Ile ya Newcastle, usiku wa 30 Desemba, ningependa kuisimulia polepole kidogo. Isak alifunga dakika ya 4, Joelinton dakika ya 19, yote kwa vichwa, yote kutokana na krosi kutoka pembeni. Ukitaka kuona mfumo usioeleweka, tazama krosi. Kwenye mabeki watatu, beki wa pembeni lazima ajue ni lini anatoka kumzuia mpiga krosi na ni lini anabaki, na yule wa katikati lazima ajue nani anamwachia nani. Wetu walikuwa wanatazamana. Katikati walikuwa Casemiro na Eriksen, wawili wenye umri mkubwa, na Newcastle walikuwa watatu wenye mapafu ya farasi. Dakika ya 33 Amorim akaamua kuongeza kiungo na kumtoa Zirkzee. Old Trafford wakamzomea kijana wao wenyewe, wengine wakashangilia kutolewa kwake, naye akapita moja kwa moja kwenda chumbani.

Kibandani kwetu nako watu walipiga makofi. Nilipiga pia. Hajji hakupiga. Aligeuka akatutazama, akasema, "Huyo kafanya nini? Si mlimnunua wenyewe?" Niliona aibu, lakini si ya kutosha kuacha kupiga.

Na hapo kuna jambo ambalo wengi wa kibanda chetu hawataki kulisikia: wachezaji wale hawakuwa wabovu kama tunavyowasema. Wiki mbili kabla ya Newcastle walikuwa wamewafunga City 2-1 nyumbani kwao, Bruno kwa penati na Amad dakika ya 90. Januari wakaenda Anfield wakatoka sare 2-2 na Liverpool waliokuwa wanaelekea ubingwa. Wiki moja baadaye wakawatoa Arsenal kwenye Kombe la FA kwa penati, Emirates, wakiwa pungufu kwa muda mrefu baada ya Dalot kupewa kadi nyekundu. (Usiku ule Hajji aliondoka bila kuaga, na mimi nilimsindikiza kwa wimbo.) Halafu siku saba tu baada ya Emirates wanapigwa 3-1 nyumbani na Brighton, na Amorim anawaambia waandishi kwamba huenda hiyo ndiyo timu mbaya kuliko zote katika historia ya klabu.

Ukizipanga mechi hizo pamoja unaona kitu. Mpinzani mkubwa anakuja na mpira wake, anaacha nafasi nyuma, wewe unakaa chini na kuvizia. Hiyo haihitaji mazoezi ya miezi. Inahitaji hasira na mbio. Lakini Brighton, Palace, Bournemouth, West Ham wanakuachia mpira na kukuambia, haya, onyesha. Hapo ndipo mfumo unapohitajika uwe umeingia damuni: namba kumi asogee wapi, beki wa pembeni apande lini, nani anaziba akipanda. United walipoteza mechi tisa za ligi Old Trafford msimu huo. Tisa! Ilipobidi kujenga, walikuwa hawana mafundi wa kujengea. Kulia alichezeshwa Amad, winga wa asili, akarudishwa kukaba. Kushoto akawekwa Dalot, mtu wa mguu wa kulia, kwa kuwa Shaw na Malacia walikuwa hawajakaa sawa kiafya. Patrick Dorgu, beki wa pembeni wa kweli, alinunuliwa kutoka Lecce mwanzoni mwa Februari. Mwanzoni mwa Februari! Wakati huohuo wale mawinga wa kugawa walianza kugawiwa kweli: Antony kwa mkopo Betis, Rashford kwa mkopo Aston Villa. Ukinunua matairi ya trela kisha ukanunua pikipiki, matairi hayana kosa.

Mabao nayo. United walifunga mabao 44 katika mechi 38. Højlund alikaa mechi 21 bila bao hadi alipofunga Leicester mwezi Machi, akamaliza ligi na mabao manne. Zirkzee matatu. Mimi sikubali kwamba vijana hao wawili ndio ugonjwa. Nimewatazama mechi baada ya mechi: Højlund anakimbia kwenye njia ambayo mpira hauji, anageuka, anaonyesha mikono. Ni kama mtu anayesubiri basi kwenye kituo kilichohamishwa.

Kwa deni la akina Glazer nitakuwa mfupi, maana limesemwa sana. Ni kweli, mwaka 2005 waliinunua klabu kwa mkopo waliombebesha klabu yenyewe, na kwa miaka 20 riba imelipwa kwa fedha ambazo zingeziba paa la Old Trafford, lile lililovuja kama maporomoko siku Arsenal walipokuja Mei 2024. Lakini deni lilikuwepo pia Ferguson alipochukua ubingwa wa mwisho 2013. Deni linaeleza kwa nini nyumba imechakaa. Halielezi kwa nini fundi alibadilishwa nyumba ikiwa nusu.

Jambo la McTominay ndilo ninalolirudia usiku, na ndilo linaloonyesha fedha na tarehe zinavyokutana. Kanuni za fedha za Ligi Kuu ya Uingereza za wakati huo zilizuia klabu isipate hasara inayozidi kiwango fulani, paundi milioni 105 kwa miaka mitatu. Mchezaji unayemnunua, bei yake inagawanywa katika miaka ya mkataba wake. Lakini mchezaji uliyemlea mwenyewe tangu mtoto hana bei ya kununuliwa kwenye vitabu, kwa hiyo ukimuuza, kila senti inaandikwa faida siku hiyohiyo. United walikuwa wamepata hasara ya paundi milioni 113 kwa mwaka ulioishia Juni 2024. Walihitaji faida ya haraka. Scott McTominay, aliyekuwa klabuni tangu utoto, akauzwa Napoli Agosti 2024 kwa kama paundi milioni 25.

Sasa fikiria. Kiungo mrefu, anayepanda kuingia eneo la hatari kwa kuchelewa, anayefunga kwa kichwa na kwa mguu: ukimtafutia nafasi kwenye mfumo wa Amorim, ni mmoja wa wale namba kumi wawili, au pembeni ya Ugarte pale palipokuwa panavuja. Aliuzwa miezi miwili na nusu kabla Amorim hajaja. Kocha aliyekuwepo hakumfanya nguzo, na kocha ambaye angeweza kumfanya nguzo alikuwa bado Lisbon. Kijana akafunga mabao 12 kwenye ligi ya Italia.

Msimamo wa mwisho: nafasi ya 15, pointi 42, kushinda 11, sare 9, kufungwa 18. Amorim peke yake, mechi 27 za ligi, pointi 27. Tangu mwaka walioshuka daraja, 1974, United hawakuwa wamemaliza chini namna hiyo. Kilichowaokoa ni kwamba Leicester, Ipswich na Southampton walikuwa wameshakubali kushuka mapema, basi hata hofu hatukupewa nafasi ya kuisikia vizuri.

Kuna usiku mmoja unaoharibu hoja yangu, na sitauficha. Tarehe 17 Aprili, Lyon, robo fainali, Old Trafford. Tulikuwa tunaongoza 2-0, wakarudisha mbili, wakapata kadi nyekundu, kisha kwenye muda wa ziada wakiwa kumi wakafunga mbili nyingine. 4-2. Nusu ya kibanda ikatoka. Dakika ya 114 Bruno akafunga penati. Dakika ya 120 Kobbie Mainoo akaupinda kona ya mbali. Dakika ya 121 Harry Maguire, beki, aliyepelekwa mbele kwa kukosa mtu wa kumpeleka, akapiga kichwa. 5-4. Ilikuwa inakaribia saa saba usiku, watu waliotoka wakawa wanarudi mbio wakigongana mlangoni na wanaotoka kushangilia, na muuza rolex, ile chapati ya kuviringishwa na mayai, akaacha chapati iungue. Ukiniuliza mfumo gani ulishinda usiku ule, sina jibu. Hakukuwa na mfumo. Alikuwepo Maguire.

Huenda ndiyo maana nasema wachezaji walikuwa na kitu. Ila huwezi kuendesha msimu kwa Maguire wa dakika ya 121.

Hapa kwetu Uganda wanaojua kusubiri ni mashabiki wa SC Villa. Walichukua ubingwa 2004, wakakaa miaka 20, wakaupata tena 2024. Jirani yangu mmoja ni Villa wa damu. Nilipomlalamikia kwamba sisi ni tangu 2013, akanitazama kama mtoto anayelia kwa kukosa chai ya saa kumi. Akaniuliza tu kama bado wanabadilisha kocha Novemba. Nikamwambia ndiyo. Akarudi kwenye kazi zake.

Jumamosi baada ya Bilbao, Hajji alinipita ofisini na simu yake. Hakusema neno. Alinionyesha kipande kifupi: mpira unakuja kutoka kulia, McTominay anajirusha upande, mguu hewani, wavuni. Napoli 2, Cagliari 0, ubingwa wa Italia, na yeye ndiye mchezaji bora wa ligi. Ilikuwa Ijumaa, siku mbili tu baada ya fainali yetu. "Mlimuuza bei gani?" akauliza. Nikamtajia kwa shilingi zetu, zaidi ya bilioni 100. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei ya shamba la urithi.

Jumapili, 25 Mei, saa kumi na mbili jioni, ilikuwa mechi ya mwisho, United na Aston Villa. Kiingilio kimerudi 1,000, kisha mwenye kibanda akakishusha 500 alipoona viti. Tulikuwa tisa, na watano kati yetu walikuja kwa ajili ya Villa wa Birmingham: wangeshinda wangekwenda Ligi ya Mabingwa, wakifungwa nafasi wanaichukua Newcastle, hata kama Newcastle wenyewe wanapigwa na Everton kule kwao. Kipa wa Villa akapewa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili Villa wakafunga, lakini mwamuzi alikuwa ameshapuliza filimbi mapema, bao likakataliwa, na wale watano wakamvamia mwenye kibanda kama vile filimbi ni yake. Muda mfupi baadaye Amad akafunga. Kisha Eriksen, penati. 2-0.

Tulishinda, na hakuna aliyesimama. Ubishi wote ulikuwa wa ile filimbi.

Muuza rolex akachungulia mlangoni, mikono ina unga. "Nani kashinda?"

"Newcastle," akajibu mwenye kibanda, akazima televisheni.